Geti Lisilojua Lilipo

Homa Bay,
14 Juni 1997

Okewa wangu Dolphine,

Kosa la karibu kila mtu anayeanza kutengeneza geti la mota ni kudhani kwamba geti ni kitu cha kuamriwa. Anaandika amri zake kwa mpangilio: fungua, subiri, funga, kisha anarudi juu na kuanza upya. Mezani geti hilo linafanya kazi vizuri. Barabarani linamshinda, kwa sababu watu hawaji kwa mpangilio.

Naona nimeanza na kazi kabla ya salamu. Mama yako angekuwa hapa angeninyang'anya kalamu. Hujambo, okewa, mtoto wa dada yangu? Sisi tu wazima. Anti Filister anakusalimu. Amepanda sukuma wiki nyuma ya jiko na kila jioni anagombana na mbuzi wa jirani. Nasikia mama yako kule Ndhiwa amemaliza palizi peke yake na goti bado linamsumbua. Mwandikie. Mimi nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa umekulia Mombasa na Kiluo cha kusoma kinakuchosha, lakini mama yako Zilpah mwandikie kwa Kiluo, hata kibovu. Atakicheka, kisha ataiweka barua chini ya mto wa kulalia.

Turudi getini. Unasema Noordin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo Migori, anataka geti la ghala lake lisukumwe na mota na liendeshwe kwa kitufe kimoja. Na kwamba mwenzako wa chuo amekuletea kutoka Nairobi ile chipu yenye miguu kumi na minane, inayoandikwa programu kwa kompyuta. Nimefurahi sana. Nilifundisha umeme miaka ishirini na minane, kwa rilei, swichi za sumaku zinazojaza kabati, na leo wewe unashika kazi ya kabati hilo kati ya vidole viwili.

Chukua mfano huu. Shuleni kengele ni moja. Ikilia watoto wakiwa darasani, wanatoka. Ikilia wakiwa uwanjani, wanaingia. Ikilia wakiwa mstarini asubuhi, wananyamaza. Kengele ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipowakuta. Kitufe cha Noordin ni kengele. Kwa hiyo chipu yako isianze kwa kuuliza, "Nifanye nini?" Ianze kwa kuuliza, "Niko katika hali gani?" Geti lina hali chache tu: limefungwa, linafunguka, limefunguka, linajifunga, limesimama njiani. Chora kila hali kama duara. Kati ya duara na duara chora mshale, na juu ya mshale andika kilichotokea: kitufe kimebonyezwa, swichi ya mwisho wa reli imeguswa, kitu kimezuia. Chipu isiruhusiwe kuhama duara bila mshale. Wataalamu wanaiita mashine ya hali. Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe.

Ukimaliza, niletee programu kwa posta kabla hujafunga chochote. Nitaisoma mstari kwa mstari.

Mjomba wako,
Oliver


Migori,
2 Agosti 1997

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama wewe na Anti. Mama nilimwandikia. Alinijibu mistari miwili: kwamba mahindi yamebeba, na kwamba sijui kuandika jina la kijiji chetu.

Nimechora maduara kama ulivyosema. Nilikaa nayo wiki tatu na sasa nayaona hata kwenye sahani. Geti limeshasimamishwa, ni la chuma tupu, zito kama lori, linakwenda kwa reli na mnyororo. Stima ikiwa haipo na mota haina umeme, mtu mwenye nguvu anaweza kulisukuma kwa mikono. Mlinzi wa Noordin ni Mkuria anaitwa Gisiri, na kila nikipima waya anakuja kusimama nyuma yangu.

"Dada, hii kitu ikianza kujifungua yenyewe, mimi Noordin atanipeleka wapi?"

"Wewe utabonyeza kitufe, Gisiri."

"Kubonyeza ni kazi? Robi akisikia nalipwa kwa kubonyeza, atakuja kuomba hii kazi yeye."

Robi ni mke wake. Huleta chai saa nne na anamwita "bwana kitufe" mbele ya watu wote.

Noordin ana haraka. Anapita kila asubuhi, mikono nyuma: "Fundi, bado? Sumeya wangu atazaa wajukuu kabla ya geti." Sumeya ni binti yake, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Kisha akanipa sharti moja. Anataka stima ikipotea na kurudi, geti lijifunge lenyewe hapo hapo, kwa sababu wezi wanapenda giza. Na mimi niliona ni vizuri, maana geti likishajifunga, chipu inajua inaanzia wapi.

Nimeweka programu yote humu, kurasa tatu. Mjomba, ukurasa wa tatu ndio unaoeleza chipu ifanye nini inapopata stima. Hapo moyo wangu haujatulia na sijui kwa nini. Tafadhali anza na huo. Sitafunga chipu mpaka nipate neno lako.

Mpwa wako,
Dolphine


Homa Bay,
20 Agosti 1997

Okewa wangu,

Salamu nyingi. Anti Filister hajambo. Sukuma wiki imekwisha, mbuzi ameshinda. Mwalimu mwenzangu wa zamani alinitembelea kutoka Takawiri na samaki mkubwa, tukala siku mbili. Mvua hakuna. Kanisani wamechagua wazee wapya na nimekataa kuwa mmoja wao.

Usishangae mwandiko kuwa mkubwa, nimepata kalamu nene.

Programu nimeipitia. Iko sawa. Funga chipu kwenye geti la watu.

Mjomba wako,
Oliver


Migori,
9 Novemba 1997

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kimya. Mvua hii mnaiona na huko. Barabara imekatika mara mbili, posta walikaa siku tisa bila gunia la barua kutoka Kisii, na simu hazishiki hata moja. Nyumba ninayopanga imeingia maji, lakini vitabu vyangu nilivipandisha kabatini. Mama alisema mahindi yameozea shambani. Mwambie Anti sweta imefika na inanitosha.

Geti la Noordin lilianza kazi mwezi wa Septemba. Oktoba mwanzoni nikafunga la pili, lenye programu ile ile, kwenye zahanati ya Sista Milka karibu na Rongo, pale wanapojifungulia akina mama. Sista aliliona la Noordin akalipenda, maana wauguzi wa zamu walikuwa wanahangaika kulisukuma lake.

Gisiri hayuko tena. Ameacha kazi, amerudi kwao.

Nina swali, la nadharia tu. Tuseme geti limekaa nusu, halijafunguka na halijajifunga, kisha stima ikapotea. Mtu akalisukuma kwa mkono. Kisha stima ikarudi. Chipu kwa wakati huo inajua nini? Na kama ni lazima ijue, ijue kwa njia gani? Ukipata nafasi nijibu upesi.

Mpwa wako,
Dolphine


Homa Bay,
30 Novemba 1997

Okewa wangu,

Barua yako imechukua siku kumi na nane kuvuka mwendo wa asubuhi moja. Tumshukuru Mungu imefika. Sisi wazima. Pole kwa maji ya nyumbani na mahindi ya mama yako.

Swali lako ni zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza, nami nitalijibu taratibu, kwa sababu wanafunzi wangu wengi walipita hapa bila kuona shimo.

Stima ikikatika, chipu hailali kama mtu anayelala na kuamka akikumbuka jana. Inakufa. Ikirudi inazaliwa upya na kuanza mstari wa kwanza. Haijui kama geti limefungwa au limefunguka, au liko katikati na mtu amesimama hapo. Duara la sita ndilo tulilosahau, wewe na mimi, na jina lake ni "sijui". Kila mashine inayowashwa inapaswa kuanzia katika sijui. Na katika sijui kazi ya mota ni moja, kutulia. Chipu isome swichi za mwisho wa reli. Ya kulia ikiwa imeguswa, geti limefunguka. Ya kushoto, limefungwa. Kama hakuna iliyoguswa, ibaki katika sijui mpaka binadamu aje, asimame mahali anapoliona geti, abonyeze kitufe na kukishikilia. Akikiachia, geti lisimame. Litembee hivyo, chini ya kidole chake, hadi liguse swichi moja. Hapo ndipo limejua lilipo na kazi ya kawaida iendelee.

Sasa niambie. Programu yako, ikipata stima, inafanya nini hasa? Nikumbushe.

Na jambo jingine. Nimefundisha muda mrefu, Dolphine. Mtu anayeuliza kwa nadharia haandiki "mtu akalisukuma kwa mkono". Nani alilisukuma? Gisiri aliachaje kazi aliyoipenda kiasi kile?

Mjomba wako,
Oliver


Migori,
13 Desemba 1997

Shikamoo Mjomba,

Krismasi njema kwako na kwa Anti. Sitaweza kuja Homa Bay wala Ndhiwa. Kazi ni nyingi.

Unauliza programu inafanya nini ikipata stima. Imeandikwa ukurasa wa tatu. Uliusoma Agosti.

Lakini usihangaike, nimeshapata dawa. Chipu hii ina sehemu ndogo ya kumbukumbu isiyofutika hata stima ikipotea. Nimeiandikia upya programu: kila inapohama hali, inaandika hali hiyo humo. Stima ikirudi inasoma ilikuwa inafanya nini, inaendelea ilipoachia. Kama lilikuwa linajifunga, linamaliza kujifunga. Nimejaribu mara kumi Rongo, nikikata stima na kuirudisha, na mara zote kumi limekwenda kama saa. Haikunilazimu kuongeza duara la sijui. Sista Milka ameridhika.

Noordin geti lake amelizima mwenyewe kwa sasa. Ana mambo yake.

Kuhusu Gisiri, tafadhali usiniulize tena, Mjomba. Nakuomba.

Mpwa wako,
Dolphine


Homa Bay,
4 Januari 1998

Dolphine,

Mwandiko huu ni wa Anti yako Filister. Mimi nasema, yeye anaandika. Mwaka mpya umetukuta hai. Barua yako ilikaa posta siku zote za uchaguzi na tumeipata jana. Mama yako alikuwa hapa Krismasi, akauliza mara tatu kwa nini hukuja.

Nina mambo mawili, na la kwanza ndilo la haraka.

Kumbukumbu uliyoiweka ni mbaya kuliko kutojua. Ulijaribu mara kumi, na mara zote kumi geti lilikaa pale pale lilipoachwa, kwa sababu ulikuwa peke yako na hukuligusa. Sasa fikiria Rongo. Geti linajifunga, stima inakatika, linasimama nusu. Chipu imeandika moyoni, "najifunga". Anafika mama mwenye uchungu, na dada yake, na mlinzi. Nafasi haitoshi, wanalisukuma. Wako katikati ya nguzo na chuma, wanatembea polepole kwa sababu huyo mama hawezi kwenda haraka. Stima inarudi. Chipu inasoma kilichoandikwa na kumaliza ilichoanza. Haijui kwamba dunia ilibadilika ilipokuwa imekufa. Kumbukumbu ni ya jana. Swichi ndizo zinazosema la sasa, nazo zikikaa kimya hakuna mwingine wa kuulizwa. Zima mageti yote mawili mara upatapo barua hii. Usingoje kuandika programu nyingine.

La pili. Anti yako ameiweka kalamu chini mara moja, nimemwomba aishike tena.

Agosti uliniletea kurasa tatu na ukasema nianze na wa tatu. Sikuzisoma. Sikuweza. Tangu Machi mwaka jana macho yangu yamekuwa yakififia, ni ugonjwa wa sukari, na kufikia Agosti herufi za mashine zilikuwa kwangu vumbi jeusi; mwandiko wako wa mkono niliusoma kwa taabu, neno kwa neno. Sikumwambia mtu. Filister alidhani nasoma gazeti, kumbe nalifunua tu. Ningeweza kumwomba anisomee programu yako, hata kama haielewi, herufi kwa herufi. Niliona aibu. Nilikuwa mwalimu wako, nikaona heri useme mjomba amejibu kwa ufupi kuliko useme mjomba amekwisha. Nikakuandikia "iko sawa".

Jana Filister amenisomea ukurasa wa tatu. Ilituchukua jioni nzima. Chipu ikipata stima, inaendesha mota kufunga hadi swichi ya kushoto iguswe, na katika mistari hiyo haisikilizi kitufe, haisikilizi kizuizi, haimo katika duara lolote. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeliona hilo. Wewe mwenyewe uliliona, ndiyo maana moyo ulikataa. Uliponiuliza, nilikufunga mdomo.

Kwa hiyo lolote lililotokea kwa Noordin, usiseme ni lako peke yako. Ila niambie.

Oliver


Migori,
19 Januari 1998

Mjomba,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama posta na karani akaniuliza kama nimefiwa.

Ilikuwa tarehe 21 Oktoba, saa tisa mchana. Mvua ilikuwa inanyesha na stima ilikuwa imepotea tangu saa saba. Lori la saruji lilitaka kutoka. Gisiri akalisukuma geti kwa mikono, lori likapita, akabaki kati ya nguzo na geti akitoa tope kwenye reli, maana nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe kwamba tope ni adui wa reli. Alikuwa ameinama. Taa za duka zikawaka. Watu wakashangilia kama wanavyoshangilia stima ikirudi.

Mimi nilikuwa karibu na kitufe. Niliona geti linaanza. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Mara nne, Mjomba, na mara zote nne nilijua, kabla kidole hakijafika, kwamba nimeandika mistari isiyosikiliza. Aliweka mkono kulizuia. Noordin ndiye aliyekimbia akazima swichi kubwa ukutani.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Siku ya pili Noordin aliniuliza mbele ya watu, "Fundi, mashine yako ina makosa?" Nikasema imeangaliwa na mwalimu mkubwa wa umeme na akasema iko sawa. Basi likawa kosa la Gisiri. Walisema alikuwa amelewa. Gisiri hanywi. Nilikwenda wodini, nikamkuta Robi amekaa kitandani miguuni kwake. Gisiri akaniambia, "Dada, usilie. Nilisinzia. Mtu akisinzia kwa mashine, ni makosa yake." Hakusinzia. Alikuwa anaamini alichoambiwa, nami nilikaa pale nusu saa nikiwa na maneno ya kumwambia na sikuyasema. Wamerudi kwao, huko mpakani. Robi hakunipa mkono.

Sikukuandikia kwa sababu nikisema programu ndiyo iliyokosea, nitakuwa nasema wewe ndiye uliyekosea, na wewe ni ndugu ya mama. Nani angeniambia nimfanyie hivyo mjomba wangu? Nikakaa. Nilikuwa nakuuliza nikijua jibu, nikitamani uligundue mwenyewe.

Geti la Noordin limezimwa, hilo usiogope. La Sista Milka bado linafanya kazi. Mjomba, nimekwenda Rongo mara mbili tangu nipate barua yako. Mara ya kwanza nilifika hadi ukutani, mlinzi akanisalimu, "Fundi wetu," nikasema nimepita kuangalia mnyororo, nikarudi. Mara ya pili sikushuka garini. Nikilizima, Sista atauliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, nimeshasema la Gisiri. Nikisema la Gisiri, hakuna mtu atakayenipa hata taa ya kufunga katika wilaya hii, na Noordin atajua kwamba nilimwacha mtu afukuzwe kwa uongo. Nimeandika programu mpya yenye sijui kama ulivyofundisha. Nahitaji wiki mbili kuijaribu. Nikiimaliza nitaibadilisha kimya kimya, Sista hatahitaji kujua. Kila mawingu yakifunga upande wa Rongo naacha kazi na kuyatazama. Stima hukatika huko karibu kila siku.

Niambie nifanye nini. Tafadhali usiniambie lile ninalolijua.

Dolphine


Homa Bay,
27 Januari 1998

Okewa wangu,

Anti Filister anaandika tena. Anakusalimu na analia, usimlaumu mwandiko.

Barua hii haiji kwa posta. Anaileta Momanyi, anayepeleka samaki Migori kwa lori lake. Ni jirani yetu, mwamini. Amesimama mlangoni pako sasa na hataondoka mpaka umalize kusoma.

Juzi alipokuwa anapita Rongo nilimtuma kwa Sista Milka amwambie azime geti. Sista alimsikiliza, kisha akamwambia: "Baba, fundi wangu ni Dolphine. Dolphine alisema geti halina kasoro. Siwezi kufungua sanduku la umeme kwa maneno ya mtu wa samaki." Simlaumu. Anakuamini wewe, na hapo ndipo hatari ilipo. Neno la mtu anayeaminiwa ndilo lililotufikisha hapa.

Umesema nisikuambie lile unalolijua. Nilikufanyia huruma ya namna hiyo mara moja, Agosti, na Gisiri ndiye aliyeilipia.

Wiki mbili za kujaribu programu ni sawa kwa geti lililozimwa. Kwa geti lililo hai, ni usiku kumi na nne wa akina mama wakipita chini ya stima isiyotulia. Hata programu iwe nzuri vipi, ukiibadilisha kimya kimya utakuwa umemwachia Sista geti asilolijua, na siku likikosea atafanya kama Noordin, atamtafuta wa kulaumiwa aliye karibu nalo. Mwambie yote. Mwambie kwamba mwalimu aliyesema iko sawa ni kipofu na hakusoma. Hilo nakuruhusu, nakuomba ulitumie. Mama yako nimeshamwambia mwenyewe. Amenikasirikia, na ni haki yake.

Kwa Gisiri nitakwenda mimi. Momanyi atanipeleka Jumamosi hadi barabara itakapokubali, na kutoka hapo nitashikwa mkono. Nitamwambia kwamba hakusinzia. Kwa Noordin pia nimeandika, Filister ameifunga bahasha, na jina la Gisiri limo mara nne. Huenda ukapoteza kazi. Huenda watu wa Migori wasikusalimie mwaka mzima. Sina la kukufariji hapo, na sitalitunga.

Usinijibu barua hii. Usiwashe kompyuta. Chukua bisibisi na koleo la kuchomolea fyuzi, panda lori na Momanyi, anarudi kwa njia ya Rongo na zahanati iko kando ya barabara. Swichi kubwa ya stima usiiamini, kila apitaye anaweza kuiwasha. Fungua sanduku mbele ya Sista Milka, toa fyuzi ya mota, itie mfukoni mwako, na geti lisukumwe kwa mikono.

Leo, toa fyuzi.

Mjomba wako,
Oliver